Alama za riwaya zisiliwe na mwenye ulimi

Mtoto wa Lamu hahitaji kufundishwa kusema mbele ya watu. Kasida, maulidi, tenzi zinazoghaniwa, mabishano ya barazani: akifika kidato cha tatu sauti yake imeshazoea hadhara. Ndiyo sababu kuwasilisha riwaya kwa makundi huwa kutamu kusikiliza huku kwetu, na ndiyo sababu alama zinazotolewa mara nyingi hazipimi kitu. Mwenye ulimi anasimama, anapiga methali mbili, darasa linapiga makofi, na kundi zima linaandikiwa 24 kwa 30. Muulize riwaya inaishaje, anatazama dari.

Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ile ya fasihi, ina alama 80, maswali manne ya alama 20, na kila mtu huandika peke yake. Basi alama ya kundi isiyoonyesha nani amesoma na nani amebebwa haimsaidii mwalimu wala mwanafunzi.

Mambo huharibika siku ile ya kugawana kazi. Watano wamepewa riwaya ya sura 15, na hapo hapo mmoja atasema, "Tugawane sura tatu tatu." Inaonekana haki, lakini ndiyo njia ya uhakika ya kupata kundi ambalo hakuna aliyesoma kitabu. Mhusika hubadilika. Aliyesoma sura za mwanzo atasema baba ni mkali, aliyesoma za mwisho atasema ni mpole, na wote wawili watasimama mbele bila kujua kwamba wanapingana. Hilo badiliko ndilo lililokuwa jambo la kusema! Gawa vipengele badala ya sura: mmoja wahusika, mwingine maudhui, mwingine migogoro, mwingine mbinu za uandishi, wa tano ploti na mandhari. Kila kipengele hukata kitabu kuanzia jalada hadi jalada, na hakuna atakayemaliza chake kwa kusoma kurasa 40.

Watano wanatosha. Wakifika saba, wawili huwa washika karatasi ya manila tu. Usiwaache wachaguane, maana wa mtaa wa Langoni watakaa na wa Langoni, na wa Mkomani na wenzao. Na mikutano ifanyike darasani, mara tatu, dakika 20 kila mara. Wanaotoka kijiji cha Shela kwa miguu hufuata pwani, na maji yakijaa njia hufunikwa. Wa kijiji cha Matondoni naye ana safari yake. Kundi likikutana mjini baada ya alasiri hao hawapo, kisha wanaandikwa wavivu.

Alama 30 ningezikata hivi: 8 za daftari la kusomea, 10 za wasilisho, 8 za maswali, 4 za ushirikiano. Zile 10 pekee ndizo za kundi zima. Nyingine 20 ni za mtu mmoja mmoja, na hapo siwezi kupunguza.

Daftari likusanywe siku mbili kabla ya wasilisho la kwanza, la kila mtu, kwa makundi yote siku moja. Ukisubiri, makundi ya mwisho yatakuwa yamenakili ya waliotangulia. Kila sura iwe na mistari mitatu: kilichotokea, dondoo moja lenye ukurasa, na swali moja ambalo msomaji mwenyewe hakulipatia jibu. Hilo swali ndilo linalomfichua aliyenakili mwongozo. Miongozo ina majibu tele, maswali ya kweli haina.

Katika wasilisho, alama 7 ziende kwa hoja na ushahidi, 3 kwa mpangilio na lugha. Hoja isiyo na ukurasa ipate sifuri, hata ikisemwa kwa ufasaha wa kughani. Tuseme mmoja anasema, "Mama huyu ni mlezi mwema kwa sababu anawalea watoto vizuri." Hapo hajasema kitu, amezunguka mti. Mwingine anasema, "Anauza mkufu wake wa arusi alipe karo ya mtoto wa kambo, ukurasa wa 47, lakini mwanawe wa kumzaa analala njaa naye hajui, ukurasa wa 88, ulezi wake ni wa kuonekana na majirani." Huyu amesoma, na zaidi ya kusoma, amefikiri. Akikwama kwama katika kusema, asikatwe.

Na lugha yenyewe? Akisema *mato* kwa macho, *ndia* kwa njia au *moya* kwa moja, hicho ni Kiamu, lahaja ya Lamu, si kosa la kusoma riwaya. Ninachodai ni kwamba dondoo lisomwe kama lilivyochapishwa, herufi kwa herufi. Maelezo ayatoe kwa ulimi wake. Usanifu utapimwa kwenye insha, una mahali pake.

Muda ni dakika 12 za kusema na 5 za maswali. Kipindi cha dakika 40 kinabeba makundi mawili, zinabaki sita za kubandika manila na kuandika alama. Darasa la wanafunzi 45 lina makundi tisa, basi tenga vipindi vitano. Msemaji wa kwanza ndiye mlaji wa saa. Anaweza kula dakika saba kwa "kabla ya yote ningependa kuwashukuru". Katibu wa kundi jingine ashike saa, na kila mmoja akatwe ikikaribia dakika mbili na nusu. Mwezi wa Ramadhani weka vipindi vya asubuhi. Saa nane mchana unapima kiu ya mtoto.

Maswali ndiyo moyo wa jambo. Kila mwanakundi achukue kikaratasi cha kura chenye swali la kipengele *kisicho chake*: wa wahusika aulizwe mandhari, wa mandhari aulizwe migogoro. Dondoo fupi hutosha, kwa mtindo ule ule wa mtihani: nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Alama mbili kwa kila jibu, jumla 8. Aliyekariri kipande chake hushikwa hapa, na mkimya wa nyuma ambaye hakutegemewa na mtu huokoka hapa.

Zimebaki zile 4 za ushirikiano, nazo zina ugonjwa wake: muhali. Waambie wapeane alama, kila mmoja atampa mwenzake nne kwa nne. Nani ataka kugombana na binamu yake, tena jirani? Usiwaombe alama basi. Waombe habari. Kila mtu, peke yake, kwa mkono, aandike mistari miwili: nani alileta dondoo gani, na nani alibadilisha mawazo ya kundi kwa jambo gani. Karatasi zikusanywe papo hapo, zisisomwe kwa sauti, na alama atoe mwalimu. Jina lisilotajwa na yeyote kati ya wenzake wanne huonekana lenyewe. Kabla ya kumwandikia sifuri, lakini, fungua daftari lake. Huenda alisoma kitabu chote, na wenzake hawakumpa nafasi ya kusema.