Kichwa mu antivole

Bon, kwa sababu rafiki yangu mmoja (anajijua) ameshatuma vokali (ujumbe wa sauti) mu grupu ya kartie, mtaa wetu, ati nilikamatwa nachungulia mama wa watu akioga, acha niseme mwenyewe. Haikuwa mama. Ilikuwa papa wa watu.

Mnajua niko najenga, Kadutu huku juu, Bukavu, saloni inaangalia ziwa. Mimi nilitaka beiwindo, ile dirisha ya vioo vitatu, kikubwa katikati na viwili vya pembeni vinakaa mshazari, digri 30 ao 45, mnaziona kwa nyumba za San Francisco. Bibi yangu anataka bowindo: vioo vinne, vitano, vyote kipimo kimoja, vinazunguka polepole kaa tumbo la mtungi. Beiwindo inatoka nje zaidi, unapata hadi pa kuweka kiti. Bowindo vioo vingi, fremu nyingi, na pesa nyingi vilevile (wenye bibi mnajua nilikuwa upande gani). Fundi akamwaga betoni ya kushikilia chini, akapachika fremu ya beiwindo na antivole (vyuma vya kuzuia wezi), vioo bado, ati tuone kwanza.

Jumamosi asubuhi nikapanda peke yangu kuhakikisha ziwa linaonekana kwa ule upande wa mshazari. Lilionekana nusu. Nikasogeza kichwa. Tena kidogo. Sasa pale pembeni fundi aliishiwa chuma, akaacha nafasi pana, paji la uso likapita, pua ikapita, masikio yakajikunja yakapita. Kurudi, masikio yakakataa.

Na mujue, dirisha ya kawaida inaangalia mbele, ile mshazari inaangalia kando. Kando yangu, chini kidogo, kuna dushi ya jirani, ya mabati, haina paa, si mnajua huku mulimani kila mtu anakaa juu ya kichwa cha mwenzake. Papa jirani yumo, sabuni mpaka kwenye nyusi. Anajimwagia kopo la maji. Anafungua jicho moja. Ananiona. Mimi kugeuka siwezi. Kopo limebaki juu, maji yanadondoka tone tone kwenye bega lake, nasikia kila tone. Sasa mimi nimelelewa, mzee ukimkuta unamsalimia, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Jambo papa."

"Jambo mtoto wangu. Unatafuta nini?"

"Ziwa, papa."

Mnaocheka, nyie mngejibu nini?

Nikafumba macho kwa heshima. Njo nikaharibu kabisa, mzee akafikiri nimezimia. "Kijana anakufa huku!" Akatoka mbio, beseni mbele, povu nyuma, kartie yote ikatoka, mama wa kuuza sambaza, vile visamaki, akaweka mzigo chini ili aangalie vizuri, watoto wanapiga makofi, na yule rafiki yangu pale katikati, simu mkononi, ata hakuuliza kama napumua.

Bon, mawese kwenye masikio, fundi akakata chuma kimoja, nikatoka. Sasa tunaweka bowindo, vioo viwili vya mwisho vya ukungu, bibi ndiye alichagua, mimi sikuulizwa. Papa jirani ameongeza mabati juu ya dushi yake, fakture akanitumia mimi. Nimelipa. Misumari ameihesabu mara mbili, lakini nani ataenda kumuuliza?