Ledibadi hazaani kwa nyumba

Kuna makala nimesoma inasema ati ukiona ledibadi, yule mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoadoa, kwa nyumba pulizia dawa haraka kabla hawajazaana, hapo mwandishi amepotea njia. Huyo mdudu hazaani ndani, hali nguo wala mbao na hana haja na unga wako, ni mahali pa kujisitiri tu anatafuta, ukimfinya ndio anatoa yale maji ya manjano yananuka na kuchafua ukuta, so mchukue na karatasi umtoe nje imeisha. Huku Njoro kiangazi kikikaza sukuma zinashikwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mmea, majani yanajikunja yananata, na ledibadi mmoja anaweza kula zaidi ya 50 kwa siku. Watoto wake nao ni walafi ajabu, shida watu hawawajui juu hawafanani na mama yao hata kidogo, ni weusi warefu wenye alama za rangi ya chungwa kama kamamba kadogo, mtu akiwaona anakimbilia pampu ya dawa. Hiyo ya kujaa ukutani kwa mamia ni mambo ya Marekani na Ulaya baridi ikikaribia. Lakini kuna ledibadi wabaya pia, wale wa vinyweleo wasiong'aa, hao wanakwangua majani ya malenge na managu mpaka inabaki mishipa tu, toa na mkono asubuhi wakiwa bado wazito. Sasa mimi kinachonisumbua ni sisimizi, wanalinda vidukari wakamue ule utamu na wanafukuza ledibadi, nyinyi mnawazuia na nini bila dawa kali?