Nyumbufu: neno hili livutwe hadi wapi?

Kitu hunyumbuka kinapovutika bila kukatika: mpira, ngozi laini, unga uliokandwa ukakolea. Siku hizi tunasoma pia sera nyumbufu, ratiba nyumbufu, hata kiongozi mnyumbufu, na wapo wanaokereka. Wanasema neno la mpira limebebeshwa mzigo usio wake.

Kisarufi, lawama hiyo haina nguvu. Nyumbuka huzaa nyumbufu kama nyooka inavyozaa nyoofu, potoka ikazaa potofu, kunjuka ikazaa kunjufu. Hakuna anayetaka nyoofu ibaki kwenye mistari na fimbo. Mtu mnyoofu tunamjua, na moyo mkunjufu haujawahi kukunjwa kama nguo.

Lakini wanaokereka wana hoja nyingine, nzito zaidi, na watetezi wa matumizi mapya huipita haraka mno: kunyumbuka si kubadilika. Kinachonyumbuka huvutika kikabaki kile kile. Chukua katiba. Ya Uingereza hubadilishwa kwa sheria ya kawaida ya Bunge, na wengi wangeiita nyumbufu. Ya Marekani, iliyoanza kutumika 1789, imerekebishwa mara 27 tu, nayo huhesabiwa kuwa ngumu. Hata hivyo, mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kinga dhidi ya upekuzi, iliyoandikwa kabla simu haijakuwapo, inalinda hata mazungumzo ya simu. Hakuna herufi iliyoguswa. Maneno yalivutwa, yakafika. Huko ndiko kunyumbuka hasa. Ile ya kwanza ningesema ni rahisi kurekebishwa, basi.

Kwa watu, tofauti hii ina uzito mkubwa zaidi. Anayebadili kauli kila upepo unapogeuka ana jina lake, kigeugeu, na kumwita mnyumbufu ni kumpamba kwa sifa asiyostahili. Mwalimu anayemwongezea muda mwanafunzi mgonjwa bila kushusha kiwango cha kufaulu, huyo ndiye mnyumbufu.

Kwa hiyo naunga mkono neno litoke kwenye mpira, mradi lisiache maana yake njiani. Ratiba nyumbufu naikubali ikiwa ina saa za msingi ambazo wote lazima wawepo kazini, huku saa nyingine zikisogezwa. Isiyo na saa hata moja iliyopangwa haina cha kuvutwa.