Nyota za pembezoni: zimeshikiliwa au zinanyang'anywa?

Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufukweni Nansio kabla taa za wavuvi wa dagaa hazijatapakaa majini, tazama kusini juu ya Ghuba ya Speke. Utaona vipande viwili vya weupe hafifu ambavyo upepo hauvisogezi. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili jirani zetu, yaani makundi makubwa ya nyota. Lile dogo liko umbali wa miaka ya nuru kama 200,000.

Nyota zilizo pembezoni mwa galaksi ndogo kama hizo zimezua ubishi mkubwa: zimeshikiliwa na uzito wa galaksi yao, au zinanyang'anywa na galaksi kubwa jirani? Mwaka 1983 mwanaastronomia Marc Aaronson alipima kasi za nyota 3 tu katika galaksi ndogo ya Draco, akakuta zinatofautiana kupita kiasi. Nyota zote zinazoonekana mle hazina uzito wa kuzuia mwendo ule. Basi kuna kitu kizito kisichotoa mwanga: maada ya giza.

Wanaopinga hitimisho hilo wana hoja nzito. Kwanza, nyota yenye pacha wake huyumba huku na huko, ukaidhania ina mbio. Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, galaksi kubwa huivuta ndogo upande mmoja kuliko mwingine. Sisi wa ziwani hatuoni maji yakipwa na kujaa, lakini ndugu zetu wa Tanga wanajua mvutano wa namna hiyo unavyofanya kazi. Nyota ikishang'oka, kasi yake haikuambii tena uzito wa galaksi ilikotoka.

Wingu Dogo linawapa haki. Chombo cha anga cha Gaia, kilichorushwa 2013 kupima mahali na mwendo wa nyota, kimeonyesha nyota za upande wake wa mashariki zikielekea Wingu Kubwa. Kulipima uzito kwa nyota hizo ni kujidanganya.

Lakini hoja hiyo haitoshi kila mahali. Mwaka 2021 watafiti walitangaza nyota za Tucana II, galaksi nyingine ndogo, zilizo mbali sana na kitovu chake, mara 9 hivi ya nusu-kipenyo kinachobeba nusu ya mwanga wake. Kama zingekuwa zimenyofolewa na Njia Nyeupe, galaksi yetu, zingejipanga kufuata njia inayopita Tucana II. Hazikujipanga hivyo. Hapo mimi nasimama na maada ya giza, tena nyingi, iliyotanda mbali kuliko tulivyofikiri.

Kinachonikera ni watu kutoa hukumu moja kwa galaksi zote. Mwanga wa nyota hutuambia tu kama inatujia au inatukimbia. Mwendo wa kwenda kando unataka kupima mahali ilipo nyota ileile mwaka baada ya mwaka. Kwa nyota hafifu za pembezoni, kosa la kipimo linaweza kuuzidi mwendo wenyewe. Gaia ilipima kwa zaidi ya miaka 10, hadi Januari 2025, na miaka ikiongezeka kosa hupungua. Kila galaksi ipimwe kivyake, kuanzia ukingoni, kwa sababu katikati nyota zimesongamana na majibu yote mawili hufanana.