Iskandaria: uende Agosti, Januari au Oktoba?

Mwalimu au mzazi wa kwetu hupanga safari kufuata likizo ya Agosti. Akiitaja Iskandaria, mji wa pwani ya Misri ulioasisiwa na Aleksanda Mkuu mwaka 331 kabla ya Kristo, huambiwa papo hapo kuwa amepatia. Mimi naona amepatia nusu.

Agosti ina haki yake. Cairo ikiungua kwa nyuzi 35, Iskandaria huwa kwenye 30 hivi, upepo wa bahari ukivuma. Mji huamka usiku: familia nzima nzima zimekaa kwenye ukuta wa Corniche, barabara ndefu ya ufukweni, watoto wakiguguna mahindi ya kuchoma hata saa sita ya usiku. Mtu wa Dar au Mombasa hatajiona mgeni. Ila unyevu nao ni ule ule wa nyumbani, shati linaganda mgongoni tangu asubuhi. Tena Wamisri wenyewe wamehamia huko kupunga upepo: treni zimejaa, vyumba vimepanda bei, na miavuli imeubana ufukwe.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Agosti humpa mgeni bahari ikamnyima mji. Nguzo ya Pompey, ambayo kwa kweli ilisimamishwa kwa heshima ya Kaisari Diocletian, iko kwenye uwanda ulio wazi kwa jua. Makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el Shoqafa nayo yanataka mtu asiye na haraka. Unashuka ngazi zinazozunguka kisima kirefu, na penye kaburi kuu unamkuta Anubis, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mbweha, amechongwa na mavazi ya askari wa Kirumi. Misri na Roma katika jiwe moja! Aliyechoshwa na jua hupiga picha, akapanda juu kutafuta maji.

Wako wanaosema, basi nenda Januari. Hoja yao ni nzito: mchana ni nyuzi 18, vyumba ni rahisi, huna wa kusukumana naye. Lakini wavuvi wa Iskandaria wana kalenda yao ya dhoruba, ziitwazo nawwa, kila moja na jina lake. Ya katikati ya Novemba ni Maknasa, yaani ufagio, na baada yake huja nyingine hadi Machi. Ngome ya Qaitbay, iliyojengwa 1477 mahali ulipokuwa mnara wa taa wa Pharos, inapendeza kweli mawimbi yakiipiga. Ila mwenye siku tatu tu akiangukiwa na nawwa, safari yake imekwisha.

Machi hadi Mei kuna khamsini, upepo wa jangwani wenye vumbi.

Kwangu mimi ni wiki tatu za kwanza za Oktoba. Bahari bado ina joto, wenyeji wamerudi kazini na shuleni. Nasema tatu kwa sababu: mwishoni mwa Oktoba 2015 mvua ilifurisha mitaa, watu wakafa, na gavana akajiuzulu.

Asiye na njia ila Agosti aende, lakini awe langoni Kom el Shoqafa linapofunguliwa, na bahari aiache mpaka alasiri.