Gemu ya Steam: umenunua au umeazimwa?

Mpwa wangu yuko form two, likizo alikuja gheto kwangu na flashi yake ya GB 64 anataka nimuwekee gemu ya magari aliyoniona nacheza. Nikamwambia hii haitoki hivo, iko kwenye akaunti yangu ya Steam, lile duka la gemu za kompyuta la mtandaoni, hata nikikopi folda zima ukifika kwenu itakudai jina na pasiwedi. Akaniangalia. "Si ulisema umenunua anko?" Nimenunua ndio. "Sasa ulinunua nini?"

Nikajichekesha pale, ila jibu la kweli ni kwamba nilinunua ruhusa ya kucheza. Leseni. Imeandikwa kabisa kwenye yale makubaliano marefu ambayo kila mtu anabofya nimekubali bila kusoma, na Oktoba 2024 Steam wakaanza kuiandika wazi kwenye ukurasa wa kulipia, sababu California walipitisha sheria mwaka huo kwamba muuza vitu vya kidijitali asikwambie "nunua" kama anakupa leseni tu bila kukueleza.

Wazungu wakibishana hii habari wanalinganisha gemu ya kudaunlodi na boksi la dukani lenye CD orijino. Sasa sisi upande wa kompyuta hilo boksi wengi tumelionea kwenye picha. Tumekulia kwa jamaa wa stationery au banda la muvi, unampelekea laptop, unachagua kwenye eksteno yake (ile diski ya nje ya kuchomeka), unampa elfu mbili au tatu unaondoka na PES na GTA San Andreas, zote zimekrakiwa, yaani zimevunjwa kufuli zichezwe bila kulipia, na hakuna anayejali. Rahisi sana, mpaka siku ikikugeuka. Mimi ilinigeuka chuo, nimetoka kuwekewa gemu, nafungua flashi nakuta virusi, folda zote zimekuwa shotikati, na ripoti yangu ya field ilikuwa humo humo, siku tatu kabla ya kuikabidhi. Kwa hiyo nikipima Steam napima na yule jamaa wa eksteno, sio na boksi.

Na kwa kipimo hicho Steam anashinda vizuri tu. Mwaka juzi laptop yangu ilikufa madabodi, fundi akaniambia kaka hii zika tu, nikajichanga nikapata nyingine ya mkono wa pili, nikaingia kwenye akaunti na gemu zangu zote 23 ziko pale zinanisubiri, nyingine mpaka hatua niliyoishia iko kwenye seva, yaani kompyuta zao za mtandaoni. Alafu kuna kurudishiwa hela, tangu 2015 ukinunua gemu ndani ya siku 14 na hujaicheza zaidi ya masaa mawili unaomba hela yako na inarudi. Nilishafanya, gemu ilikuwa inakwamakwama kwenye RAM yangu ya 8, nikacheza kama dakika 40 nikaomba, ikarudi. Mrudie yule wa stationery uone, atakwambia mashine yako ndo mbovu.

Bei ni kizungumkuti. Gemu kubwa ikitoka ni dola 60 au 70, hiyo ni laki na nusu kwenda juu, na Wasauzi wanawekewa bei kwa randi yao ila sisi tunasoma dola, na benki au kadi ya kwenye simu nayo inakata chake kwenye kubadilisha. Ukiwa na subira lakini, misimu ya punguzo, ule wa katikati ya mwaka na ule wa Desemba, Witcher 3 ya 2015 unaiokota chini ya dola 10. Epic, duka jingine la mtandaoni, nao tangu waingie Desemba 2018 wanatoa gemu za bure, mpaka GTA V waliitoa bure Mei 2020. Wao kwa mtengenezaji walikuja na makato ya asilimia 12 wakati Steam wanaanza na 30, ila mimi mlaji huo unafuu sijauona kwenye bei, labda nyie.

Kinachoniumiza ni bando. Gemu za saivi GB 100 ni kawaida, Red Dead 2 inaenda kwenye 150, na hapo bado apdeti. Nakumbuka niliweka gemu ishuke usiku kwa bando la usiku, nikalala, saa tisa umeme ukakata, simu niliyokuwa narushia hotspot nayo ikazima, asubuhi nakuta asilimia 71. Bahati nzuri Steam inaendelea ilipoishia, kwa hiyo usiku wa pili ikamaliza. Usiku wa tatu nafungua nicheze, inataka apdeti ya GB 18. Dah. Hapo unamkumbuka yule jamaa wa eksteno kwa mapenzi kabisa. Siku hizi nimezima apdeti za muda wowote, nimezipangia saa sita usiku mpaka kumi na mbili asubuhi.

Turudi kwenye swali la dogo maana ndo lenye uzito. Ubisoft, kampuni ya kutengeneza gemu, walikuwa na gemu ya magari, The Crew, ya 2014. Hata ukicheza mwenyewe lazima iwe kwenye seva zao. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva, baadae watu wakaanza kuona mpaka leseni imeondolewa kwenye maktaba zao. Walilipa hela halali. Hata wenye diski mkononi walibaki na sahani tu, kwa hiyo anayekwambia nunua diski upate usalama hajamaliza hadithi. Ndo kampeni ya Stop Killing Games, ya kudai gemu watu walizolipia zisiuliwe hivi, ikaanzia hapo, na 2025 huko Ulaya wakavuka sahihi milioni 1.

Diski ninayoililia mimi ni ya PS (PlayStation), maana ile inaingiza hela. Unanunua gemu ya PS4 iliyotumika, unaimaliza, unaiuza au unabadilishana na mwana. Ya kwenye akaunti huwezi kuiuza, na wanaouza akaunti za kushea Telegram achana nao, rafiki yangu alilipa elfu kumi, wiki mbili pasiwedi ikabadilishwa na muuzaji kambloki. PS5 Pro ya 2024 imetoka haina hata pa kuingizia diski, kifaa cha kuisomea unakinunua pembeni.

Kwa hiyo mimi gemu ya kucheza peke yangu nacheki kwanza kama iko GOG, duka jingine la mtandaoni, wale hawaweki kufuli, unashusha faili la kuinstoo unalihifadhi kwenye eksteno yako, hata kesho wakifunga duka gemu unayo. Isipokuwepo narudi Steam, nasubiri punguzo. Gemu ya kuhitaji seva muda wote sitoi zaidi ya dola 10, hata iwe nzuri vipi.

Na dogo tumemalizana. Mpango wa familia wa Steam upo, watu mpaka 6, ila wanataka muwe nyumba moja na yeye yuko Morogoro. Tumemfungulia akaunti yake, ile gemu ikishuka bei namlipia, na folda la GB 41 nampa kwenye flashi yake hiyo hiyo, Steam inakagua mafaili, inashusha kilichopungua tu. Flashi ameiacha hapa mezani.