Robine inafunguka, maji iko wapi?

Huku Bukavu hakuna mtu atakudanganya kama maji iko juu robine inafunguka vizuri. Lakini bash, ile programu inasomaka amri mu kompyuta, njo vile inafanyaka: unga programu tatu ndani ya paipu moja (kila moja inapitishia yenye kufuata data), bash anauliza ile ya mwisho tu, ikijibu 0 basi yote sawa, hata kama ya kwanza ilikufa kitambo.

Tulikuwa na skripti ya bekapu ya duka moja ya Nyawera, mysqldump (inatoa data ya database) inapitishia gzip (inaikandamiza) data, skripti inaangalia `$?` (jibu ya amri yenye imepita) na kutuma meseji "bekapu sawa". Siku moja mtu akabadilisha pasiwedi. Tangu hapo mysqldump inakataliwa mulangoni, haitoe kitu, gzip inapokea hewa na kuifunga vizuri kabisa, faili ya baiti 20 kila usiku, na sisi tunakunywa chai na "sawa" yetu. (Kosa iliandikwa, ndiyo, mu barua za cron (ile inaanzishaka skripti kwa saa yake) zenye hakuna mwenye anafunguaka.)

Sasa wengi watakuambia weka `set -o pipefail` juu ya kila skripti na mambo iishe: programu moja ikikosa, paipu yote inahesabiwa kosa. Na iko na maana, hata POSIX ya 2024, ile kanuni ya ma-shell, imeikubali.

Lakini wale wanaikataa nawaelewa pia. grep, yenye kutafutaka maneno, isipopata neno inatoa 1, na hiyo si kosa. head, yenye kuchukuaka mistari ya kwanza tu, ikiipata inafunga mulango, programu yenye inaipa data ikiendelea kuandika inauliwa na SIGPIPE (alama ya paipu imefungwa), unaona 141, ni 128 kujumulisha 13, namba ya SIGPIPE. Kibaya zaidi, data ikiwa kidogo yote inaingia mu paipu mbele head ifunge, hakuna kosa, kesho data inakuwa kubwa na `set -e`, ile amri ya kusimamisha kosa ikitokea, inakata skripti. Watu wakichoka wanabandika `|| true` (kosa yoyote ihesabiwe sawa) kila mahali, tunarudia palepale.

Mimi pipefail naiweka. Kwa grep nakubali 1 lakini 2 hapana, 2 ni kosa ya kweli, na `|| true` inameza zote mbili. PIPESTATUS inakupa namba ya kila programu, ila uisome palepale, echo moja tu inaifuta.

Na pipefail yenyewe inachelewaka: ile alama ya `>` (andika mu faili) inafuta faili ya jana hata mbele gzip ianze. Sasa tunaandika kwa jina ya muda, paipu ikipita yote njo tunaipa jina ya kweli na `mv`.